Kulifuata Neno Gate, York hadi Edinburgh

Kutoka stesheni ya York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, nilifuata ukuta wa kale hadi Micklegate Bar, lango la mawe ambalo juu yake, mwaka 1460, kilitundikwa kichwa cha Richard, mkuu wa ukoo wa York. Sisi tuliozoea kusema geti tungetarajia neno gate liwe la lango. Hapa lango linaitwa Bar, na Micklegate ni barabara inayopita chini yake.

Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, waliuteka mji huu mwaka 866. Barabara waliiita gata, kubwa waliiita mikill. Kwa hiyo Micklegate ni Barabara Kuu. Gate ya lango ni neno jingine kabisa, la Kiingereza cha kale. Yalikutana baadaye katika matamshi, yakafanana.

Coppergate ndipo nilipokaa zaidi. Jina linawataja mafundi wa vikombe vya mbao, na wanaakiolojia waliochimba hapo kati ya 1976 na 1981 waliyakuta mabaki ya kazi yao yenyewe, yamehifadhiwa na udongo mbichi kwa miaka elfu moja. Jina la mtaa lilikuwa limesema kweli muda wote huo! Nilisisimka.

Treni ya kaskazini ilipita Durham na Newcastle, kisha bahari ikatokea upande wa kulia. Edinburgh haikuwa mji wa Waviking. Neno lilifika Scotland na watu wa kaskazini mwa Uingereza, wafanyabiashara na mafundi, waliohamia miji mipya ya karne ya 12. Likazama katika Kiskoti hadi likawa na maana ya njia yoyote: gang yer ain gate, shika njia yako.

Mjini nilianzia Cowgate, njia ya ng'ombe, iliyo chini bondeni chini ya madaraja. Nikapanda hadi barabara ya juu, mahali palipokuwa na Netherbow Port. Waskoti nao lango hawakuliita gate. Waliliita port, kwa asili ya Kifaransa. Lilibomolewa mwaka 1764, na vibati vya shaba barabarani vinaonyesha liliposimama. Ng'ambo yake inaanza Canongate, njia ya makanoni, yaani mapadre walioishi pamoja, wa abasia ya Holyrood, iliyoanzishwa na Mfalme David I mwaka 1128. Niliteremka nayo hadi kwenye magofu ya abasia. Hadi 1856 Canongate ilikuwa mji wenye utawala wake, ukiitwa kwa jina la barabara yake.