Kabla hujamfunga mgonjwa kihisi cha mwendo, uliza anabebaje ndoo

Saa janja ya mkononi huhesabu hatua kwa kufuata mkono unavyobembea. Sasa mtazame mama wa Uyole, Mbeya, anayetoka bombani: ndoo ya lita 20 kichwani, mkono mmoja umeishika, mwingine umekamata kitenge. Anatembea kweli, ila saa inaona mtu aliyetulia. Akishika jembe mambo yanageuka: mkono unapanda na kushuka, anaandikiwa hatua ilhali yuko kwenye tuta lilelile. Hata mtikisiko wa bodaboda kwenye njia ya makorongo unaweza kuhesabiwa.

Ndiyo maana kwa wagonjwa wa moyo, kisukari au kiharusi ni bora kihisi kidogo cha pajani, mbele, katikati ya nyonga na goti. Paja hulala mtu akikaa na husimama akisimama, kwa hiyo kifaa kinatenganisha mambo hayo mawili. Kile cha kiunoni hubabaika. Aliyepooza upande mmoja, bandika kwenye mguu usiopooza na uandike ni upi. Futa ngozi kwa spiriti, acha ikauke kabisa, kisha weka plasta isiyopitisha maji. Mwonyeshe mgonjwa namna ya kubandika mwenyewe faraghani. Wengi hukataa kifaa kwa aibu tu. Mwenye kisukari aliyepata ganzi hatasikia lengelenge, hivyo ngozi ikaguliwe kila baada ya siku mbili na kifaa kisogezwe kidogo.

Vipimo 30 vya mtikisiko kwa sekunde vinatosha kuhesabu hatua. Ukipandisha hadi 100, chaji na nafasi ya kuhifadhi vinaisha mapema, na umeme wenyewe unaujua.

Jaribio lisilorukwa: mgonjwa atembee hatua 100 mbele ya nesi anayehesabu kwa sauti. Watu wa mwendo wa taratibu na wenye mkongojo ndio hupunjwa zaidi. Kifaa kikisoma 60, usimpe.

Avae siku 7, siku ya gulio na ya ibada zikiwemo. Siku yenye saa zisizopungua 10 za kuvaa ihesabike halali. Zikipatikana siku 4 za namna hiyo, takwimu inatosha kutegemewa.

Kosa linaloharibu data nyingi liko kwenye daftari ambamo mgonjwa anaandika saa zake. Mgonjwa anaandika "nimelala saa 3", kifaa kimeandika 21:00. Asiyeshtuka, akidhani ni saa 3 asubuhi, anamkuta mgonjwa wake "amelala" akipanda kilima. Weka kwenye fomu viboksi vya asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Kilima nacho kina lake: kihisi cha mtikisiko pekee hakijui mpando. Hatua 500 za Tukuyu kuelekea juu si sawa na 500 za tambarare ya Usangu, kwa hiyo mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe, msimu kwa msimu. Hatua zikishuka Januari, uliza kwanza kuhusu tope la njia ya kwake, halafu miguu kuvimba na pumzi, ndipo uguse dawa.