Nimetumwa, Sikuajiriwa

Juzi shangazi kanitumia kadi ya mchango wa harusi. Kadi nzuri tu, bwana na bibi harusi wamevaa vitenge vya kufanana, tarehe ya kikao cha mwisho imewekwa kwa rangi nyekundu. Chini yake kaandika: "Mwanangu, wewe tumekuweka milioni moja, maana uko Ulaya. Mungu azidi kukutumia." Nilikuwa kituo cha basi, kwenye ile mvua ya hapa isiyonyesha wala kukatika. Nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogea pembeni.

Ukichukua posho yangu ya mwezi, ukatoa nauli, vocha na chakula, hiyo milioni haipo. Hata nusu yake kuiona ni mpaka nifunge kula.

Naomba nieleze leo nimalize, maana ukoo mzima, usharika mzima na wote niliosoma nao Lushoto wanaamini nilipata kazi Ujerumani. Sikupata kazi. Nilitumwa. Niliitwa mbele ya madhabahu, mchungaji na wazee wa kanisa wakaniwekea mikono, mama akalia, kwaya ikaimba, nikapanda ndege kama mmisionari kijana kwa mkataba wa kujitolea. Chumba nalipiwa, bima ya afya nalipiwa, tiketi nililipiwa, na mkononi napewa posho ambayo sheria ya hapa inaiwekea kikomo ili isije ikageuka mshahara. Ninatunzwa. Mtu anayetunzwa hawekwi milioni kwenye kadi.

Lakini pia nawaelewa. Sisi kule milimani Usambara mmisionari tuliyemzoea ni yule mwenye Land Rover. Alikuja na dawa, akaja na bati, akajenga shule. Vuga wakaweka kiwanda cha kuchapa vitabu, Lutindi wakaweka hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo ipo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisikia binti wa fulani ni mmisionari Ulaya, kichwani inamjia picha ya mtu mwenye stoo. Hakuna aliyewahi kumwona mmisionari anayehesabu sarafu apate za mkate.

Niko Wuppertal, magharibi ya Ujerumani. Mji wa mabonde na ngazi, na katikati yake kuna treni inayoning'inia juu ya mto Wupper tangu 1901, imeshikwa kwa juu, chini maji yanapita. Siku ya kwanza niliipanda nimefumba macho. Sasa hivi nasinzia humo humo.

Watu walinionea huruma mapema kuhusu baridi. Mimi mtoto wa Mlalo, baridi naijua, nimeenda shule asubuhi za mwezi wa saba na ukungu usoni. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni giza. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama, hapo ni kama lilitoka kabisa, maana siku nyingi halionekani. Unaenda kazini usiku, unarudi usiku. Wiki za kwanza nilidhani naumwa. Mama mmoja wa usharika akaniambia ninunue vidonge vya vitamini D, na kweli vikasaidia, ila jamani, mtu wa Tanga kununua jua dukani!

Sasa kuhusu huo utume wenyewe. Mlalo tunajua hadithi hii tangu Shule ya Jumapili: mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kijerumani, Johanssen na Wohlrab, wakaanzisha kituo wakakiita Hohenfriedeberg, na kutoka hapo injili ikasambaa Usambara. Shirika lao ndilo baadaye likajulikana kama misheni ya Bethel, na mwaka 1971 Bethel ikaungana na misheni ya zamani ya hapa Barmen, ambayo leo ni sehemu ya Wuppertal. Kwa hiyo mimi ni kama mjukuu aliyerudi kwa babu, akakuta babu hamkumbuki. Jumapili yangu ya kwanza, baada ya ibada, kwenye kahawa na keki, mzee mmoja akaniuliza huku anacheka, "Kwa hiyo sasa ninyi ndio mnakuja kutuokoa sisi?" Wenzake wakacheka. Nilikuwa na majibu kama saba kichwani, yote kwa Kiswahili. Kijerumani changu wakati huo kilikuwa cha kuomba chumvi.

Yule mzee alinikera wiki nzima. Baadaye nikaangalia lile kanisa vizuri, nikaona swali lake halikuwa la kijinga. Jengo ni la mawe, kinanda chake kinatetemesha sakafu, mabenchi ya watu mia kadhaa, na ndani tumo wachache, karibu wote nywele nyeupe. Ibada inaanza kwa dakika na inaisha kwa dakika. Hakuna anayesimama kushuhudia. Hakuna mnada! Mimi nimezoea ibada isiyoisha mpaka jogoo wa mtu auzwe mara tatu, kabichi ziuzwe, mchungaji naye alazimishwe kununua mkungu wa ndizi aliouleta mwenyewe. Hapa sadaka inapita kimya kwenye kifuko, watu wanatia sarafu, basi. Nikajiuliza mishahara ya wachungaji inatoka wapi.

Inatoka kwenye kodi. Serikali inawakatia washiriki kodi ya kanisa pamoja na kodi ya mapato, mkoa huu ni asilimia 9 ya ile kodi yenyewe, kisha inapelekwa kanisani. Wazee wetu wa kanisa wanaozunguka na daftari la ahadi wangesikia hili wangelia machozi. Lakini lina upande wake. Kijana mmoja wa kikundi chetu cha Ijumaa pale kanisani, mtaratibu, anayenisaidia kubeba viti, alipata kazi yake ya kwanza. Akaona ile karatasi ya mshahara, akaona kodi ya kanisa. Ijumaa iliyofuata akanieleza bila aibu yoyote kwamba anajitoa. Unajua unajitoaje? Unaenda mahakamani. Kweli kabisa, mahakama ya wilaya, unaonyesha kitambulisho, unalipa euro 30, unapewa karatasi, wewe si Mlutheri tena. Kwetu mtu akitaka kuacha kanisa anaacha tu kuja, halafu mzee wa mtaa anamfuata mpaka shambani. Huyu hakuna atakayemfuata. Na bado anakuja Ijumaa, bado anabeba viti. Nilimuuliza kama ameacha kuamini, akasema hajui, hilo hajalifikiria, yeye alifikiria kodi.

Sikuwa na la kumwambia. Chuo cha Biblia kilinifundisha kujibu Waislamu, kujibu waganga, kujibu Wasabato. Mtu ambaye hana ubishi wowote na wewe, hujafundishwa.

Kazi yangu ya kila siku lakini haiko kanisani. Iko kwenye nyumba ya wazee. Hapa ndipo wengi mnaokuja mtapangiwa, kwa hiyo sikilizeni. Sihubiri. Napeleka chakula, nasukuma viti vya magurudumu, nacheza ludo. Chakula cha jioni kinatolewa saa kumi na moja na nusu: mkate, jibini, tango. Kuna bibi mmoja meno yamemwisha, mkate wake naukata ganda lote, kisha vipande vidogo vya mraba, kila kipande na siagi mpaka ukingoni, maana ukiacha ukingo mkavu anakirudisha kwenye sahani na kukitazama mpaka ukirekebishe. Mwezi wa kwanza nilimchukia kwa hilo. Kwenye ludo anaiba, anasogeza nyumba moja zaidi akidhani sioni.

Huyo bibi alikuwa msichana mdogo Barmen ilipochomwa kwa mabomu, usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei 1943. Ananihadithia akiwa anahesabu hatua za ludo, hapohapo bila kubadilisha sauti: lami ya barabara ilikuwa laini kwa moto, viatu vikanasa, mama yake akambeba peku. Ana watoto wawili. Mmoja yuko kusini, mwendo wa saa tano kwa treni, anakuja Krismasi na Pasaka. Mwanzoni nilikuwa na hasira na hao watoto, nikiandika nyumbani kwamba Wazungu wanatupa wazazi wao. Sasa nasema polepole kidogo. Nimeona binti wa mzee mwingine anakuja kila siku baada ya kazi, ananawa mikono, anamlisha baba yake supu saa nzima. Na nimekumbuka kwetu pia wapo bibi waliobaki peke yao na wajukuu, sisi wengine tumehamia Dar tunatuma elfu ishirini kwenye simu na kujisifu.

Wiki moja kabla ya hiyo kadi ya shangazi, bibi huyo alinipa bahasha. Ndani euro 50 na karatasi yenye mwandiko unaotetemeka: ninunue viatu, hivi ninavyovaa vinaingiza maji. Alikuwa ameviona! Miezi yote hiyo hakuna aliyeviona. Na sikuweza kuchukua. Wanaofanya kazi nyumba za wazee hawaruhusiwi kupokea fedha za wakazi, wanaruhusiwa chokoleti, ua, vitu vya shukrani ndogo, na hata hivyo unatoa taarifa. Niliipeleka ofisini, wakamrudishia, akanuna, siku mbili hakucheza ludo na mimi. Kisha msimamizi wangu, mwanamke mkavu ambaye sijawahi kumsikia akicheka, akaniita stoo akanipa viatu vya binti yake, vya mvua, karibu vipya, saizi yangu kabisa. Kumbe aliisoma ile karatasi. Hakusema neno, akafunga stoo akaondoka.

Sasa hebu pima: huku mtu ambaye si ndugu yangu anatazama miguu yangu. Kule ndugu zangu wanatazama mfuko wangu. Najua naonea, shangazi yangu alinilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne, na sitasahau. Lakini siku ile ndivyo nilivyohisi, acha niandike.

Jambo la mazishi nilipitie haraka kwa sababu mama anasoma. Mzee akifa hapa, kaburi mnakodi. Miaka 20, miaka 30, kutegemea makaburi yenyewe, muda ukiisha kama hakuna anayelipia, jiwe linaondolewa na mahali anapewa mwingine. Nilihudhuria maziko ya mzee mmoja tukiwa watu watano, pamoja na mchungaji na wale wa jeneza. Nilipoambiwa niimbe niliimba wimbo wa nyumbani, beti zote, kwa sauti ya kwetu. Watano tunaweza kuzika mtu, lakini kimya kimya hapana.

Kwa wanaoniandikia inbox "dada nifanyie mpango": mpango ni huu. Anza na Kijerumani, leo, si ukishapata viza. Dar ipo Goethe-Institut, mitihani yao inatambulika. Ukija na maneno ya kusalimia utakaa miezi unachekewa kama mtoto. Ukitaka nafasi ya kujitolea kupitia kanisa, pita dayosisi yako, hakuna wakala. Anayekuomba milioni tatu akupe "nafasi ya misheni" ni mwizi hata kama anafungua kikao kwa sala. Usiuze shamba. Kabla ya kusaini uliza nani analipia tiketi ya kurudi, bima inaanza siku gani, na ukiumwa unampigia nani. Na kama shida yako ni pesa, sema tu ni pesa, si dhambi, tafuta mafunzo ya uuguzi, yanalipwa tangu mwezi wa kwanza, ila lugha wanataka angalau B1, yaani kiwango cha kati, na wengi wanataka B2, ngazi moja juu yake. Usivae kanzu ya utume kufuata mshahara, maana mshahara wenyewe haupo, utabaki na kanzu.

Shangazi nimemtumia elfu hamsini na maombi. Kajibu "Amina" tupu, bila ule uso wa kucheka anaouwekaga. Tutaongea nikirudi.

Nikirudi, kama nitarudi mwaka huu. Wanaouliza chinichini kama nitazamia, sizamii. Lakini mwezi huu ile nyumba ya wazee imenipa barua: nafasi ya mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, kwa mkataba halali na mshahara. Dayosisi inanisubiri kwenye mtaa mmoja huko Mtae ambao hauna mwinjilisti. Jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Kwa wale wa ofisi ya dayosisi mnaosoma hapa: bado sijaamua, na tafadhali msimpigie mama.