Tukimenya ndizi

Jana tulikuwa uani, hapa Moshi, tunamenya mshare za machalari, shangazi akalirudia neno lake: "Hii lupasi mmeitoa upande wa mama yenu. Kwetu haipo." Bibi mzaa mama alifariki kwa figo, ndiyo hoja yake yote. Mama hakuinua kichwa. Kisu chake tu kiliongeza mwendo.

Lupasi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, hata figo. Mdogo wangu alianza na maumivu ya viungo. Zahanati wakamtibu malaria mara mbili, mpaka baka likatokea mashavuni na kuvuka pua kama kipepeo. Vitabuni wanaandika kuwa ni jekundu. Kwake lilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva.

Suala la ukoo nilimbana nalo daktari wake. Hakuna jeni moja ya lupasi, alisema. Ziko nyingi, kila moja inachangia kidogo, zikiwemo za kundi la HLA, jeni za kinga ya mwili, kwenye kromosomu ya 6, na mtu anaweza kuzikusanya kwa baba na kwa mama. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, kwa hiyo baba anaweza kurithisha asiumwe hata siku moja. (Hapo nilimkumbuka marehemu baba, mzima kama mti.) Hata pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hapati. Kuna jua kali, maambukizi, sigara, homoni; jeni peke yake haitoshi.

Nikaomba binti yangu apimwe ANA, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoulenga mwili wenyewe. Daktari akakataa: kipimo hicho huweza kuonyesha chanya hata kwa mtu mzima wa afya, hasa ndugu wa mgonjwa, kisha nikose usingizi bure. Sawa. Lakini kila akirudi kutoka netiboli namwambia anawe uso, nami nasimama karibu na beseni nikiyatazama mashavu yake. Ana miaka 14, anadhani nakagua chunusi.

Yote hayo nilikuwa nayo kooni jana, vidole vimeganda utomvu, na sikusema. Mdogo wangu akatoka ndani na kofia yake pana, akampa shangazi kikopo cha dawa amfungulie, maana vidole vilikuwa vimevimba. Shangazi akakisogeza mbali na macho, akasoma kwa kusuasua.

"Haidroksi… klorokwini? Si ile ya malaria, iliyokuwa inatuwasha mwili mzima?"

"Siyo yenyewe, shangazi. Ni ndugu yake."

Mama akaweka ganda kwenye ungo. "Wa upande gani, wifi?"