Sio bati, ni kenchi haijafungwa

Ndugu zangu wa Tanga, kila msimu wa mvua habari ni zile zile, leo nyumba zimeezuliwa Muheza, kesho Korogwe, keshokutwa darasa huko Handeni na watoto wanasomea chini ya mwembe, halafu wote tunalaumu bati. Eti bati za siku hizi nyepesi. Sawa, geji 30 ni nyembamba kuliko 28 hilo halina ubishi, lakini mi nimetoka kwa shangazi yangu vijijini Muheza, upepo umempitia, na nilichokiona sio shida ya bati kabisa.

Paa limeondoka zima zima. Kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa), papi (mbao za kupigilia bati), bati, vyote vimeshikana, vimeenda kutua kwenye michungwa ya jirani na bati bado zimepigiliwa vizuri tu kwenye mbao. Nikapanda juu ya ukuta kuangalia, ile mbao inayolaliwa na kenchi ipo pale pale, ina matundu ya misumari yaliyotanuka, basi. Yani nyumba nzima ilikuwa inategemea msumari mmoja mmoja kila kenchi! Namwambia pole shangazi, ananijibu "ahsante mwanangu, tumshukuru Mungu wajukuu walikuwa kwa mama yao mdogo". Nilishindwa hata kuongea.

Watu wengi wanadhani upepo unalisukuma paa tu, kumbe unalivuta kwenda juu. Ukipita kwa kasi juu ya bati, mgandamizo wa hewa pale juu unashuka, na huku upepo mwingine umeingia dirishani na chini ya baraza unasukuma toka ndani, kwahiyo paa linanyanyuliwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ndo maana baraza likiezekwa pamoja na nyumba kubwa mara nyingi linaanza lenyewe na kubeba vyote.

Na tusiambiane kwamba hauzuiliki. Kuna upepo usiozuilika kweli, Marekani tarehe 18 Machi 1925 tonado moja ilipita Missouri, Illinois na Indiana ikaua watu 695, na zile kali kabisa zinavuka kilomita 320 kwa saa, hapo hata nyumba ya tofali inafagiliwa. Huu wetu wa mvua za radi mara nyingi haufiki hata theluthi ya hapo, paa lililofungwa vizuri linabaki. Ila pwani yetu nayo sio salama kama tunavyojipa moyo, 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar na Bagamoyo kikabomoa majengo na kung'oa mikarafuu, na Mei 2024 Hidaya tumeiona wenyewe ilivyofika Mafia.

Dawa sio ya matajiri. Wakati wa kumwaga lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, mwambie fundi aache vipande vya nondo vimechomoza, kenchi ikikaa anavikunja juu yake. Ukuta ulishajengwa? Toboa kozi (mistari ya tofali) mbili tatu chini, pitisha baindingi waya mara kadhaa, zungusha kenchi, kaza na koleo. Kwenye kingo za paa misumari iwe karibu karibu, na baraza liezekwe peke yake. Kamati za shule naomba sana, kabla hamjamlipa fundi pandeni mkague kila kenchi kwa macho yenu, msikubali kuonyeshwa bati zinazong'aa.

Jumamosi tunapandisha upya kwa shangazi, waya nishanunua.