Mlonge wa Mama

Jana mwanangu alikuwa anasoma pakiti ya unga wa mlonge aliyopewa na bibi yake. "Mama, hapa wameandika umepimwa maabara. Nani aliupima?" Nikajifanya natafuta chumvi.

Niliupima mimi. Miaka ile ya masters Arusha, nikilala kwa shangazi Sakina. Mama alinipa kifuko kutoka mezani kwake soko la Mbuyuni, Moshi, alikokuwa anauza. Nikauloweka kwenye metanoli, spiriti yenye sumu, nikachuja, nikakausha. Wiki nzima hiyo, tuiruke.

Seli zilikuwa HepG2, za ini, zilizotokana na uvimbe wa kijana wa miaka 15. Nilizipanda visimani, vile vishimo vya sahani ya maabara, elfu sitini kila kisima. Kesho yake nikazinywesha mlonge pamoja na DCFH-DA, rangi isiyong'aa mpaka ichokozwe na radikali huru, chembe zinazodhuru seli, ndani ya seli. Baada ya saa moja nikaziosha, nikatia AAPH, ambayo kazi yake ni kuzalisha hao wachokozi. Mashine, nyuzi 37, ikawa inasoma kila dakika tano. Kinga inaonekana kwa kutong'aa.

Visima visivyo na mlonge vikapanda mng'ao. Kwesetini, kinga inayojulikana, ya kulinganishia, ikapanda kwa kusuasua. Mstari wa mama ulilala chini, tuli. Saa haijaisha nimeshashika simu.

"Mama, mlonge wako kiboko!"

"Si nilikwambia? Mngeniuliza tu, msingehangaika na mashine."

Kisha, kwa mazoea tu, nikaiweka ile sahani chini ya hadubini. Seli hai hujibana sakafuni mwa kisima, zimeshikana kama vigae. Zangu zilikuwa duara, zinaelea moja moja, ukigusa meza zinayumba. Na hizo ndizo zilizobaki. Nyingi zilishaondoka na maji ya kuoshea. Nikahamia kisima cha pili, cha tatu, narekebisha lenzi kana kwamba kosa ni lake. Maiti hang'ai.

Kama ni dozi kubwa au ni metanoli niliyoikausha nusunusu, mpaka leo sina jibu. Niliporudia kwa dozi ndogo seli zilipona, na mlonge ukatoka wa kawaida, mbali chini ya kwesetini. Hiyo simu sikuipiga. Meza ya Mbuyuni ilikuwa inanilipia ada.

"Muulize bibi," nikamwambia mtoto.

"Nimeshamuuliza. Kasema ni daktari mmoja wa Arusha."