Tundu la zamani ndilo la kusikilizwa

Skrubu ya mtambo wa kufyatulia wa bunduki ya Enfield ya 1853 iko mezani, kichwa kimeliwa na bisibisi isiyoenea mfereji wake. Enfield hii ni gobore la fataki, na skrubu yake inaweza kutengenezwa upya. Tundu lake haliwezi. Likishapitishwa tapu ya dukani, yaani kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, nyuzi za asili zimekwenda na hazirudi, na ndiyo maana roho inaniuma nikiona mtu ameanza na tapu kabla ya kupima.

Majedwali ya leo ya vipimo vya skrubu hayatoshi, na sababu yake iko kwenye historia. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake mwaka 1841: pembe ya nyuzi digrii 55, vilele na mabonde ya mviringo. William Sellers wa Philadelphia akaja mwaka 1864 na digrii 60, vilele bapa. Viwanda vya silaha navyo viliendelea na vipimo vyao vya ndani. Kwa hiyo kipenyo peke yake hakikuambii kitu. Tazama kwanza bamba la mtambo. Likiandikwa ENFIELD, yaelekea ni kazi ya kiwanda cha serikali, ambacho katika miaka ya 1850 kilileta mashine za kutengenezea kutoka Marekani ili vipande viweze kubadilishana. Zile zilizofungwa kwa mkono na mafundi wa Birmingham na London ni habari nyingine: skrubu ya bunduki moja inaweza kukataa kabisa kuingia kwenye dada yake.

Pima hatua, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, kabla ya kipenyo. Safisha nyuzi kwa brashi laini na mafuta ya taa, kisha tumia geji ya nyuzi (vibamba vyenye meno vya kulinganishia), ya inchi na ya milimita zote mbili, ukitazama kwa lenzi huku taa iko nyuma. Usiridhike na nyuzi mbili tatu. Nyuzi 26 kwa inchi na hatua ya milimita 1 zinafanana sana. Tofauti ni takriban milimita 0.02 kwa uzi mmoja, lakini ukifika uzi wa kumi ni 0.23, na hapo mwanga unapenya kati ya geji na chuma. Kipenyo kipimwe karibu na kichwa, ambako kutu na kufunguliwa mara kwa mara havijala sana. Hata hapo, hesabu kwamba vilele vimepungua.

Tundu likiwa halipiti upande wa pili, mimina Cerrosafe ndani yake ili upate umbo la nyuzi zake. Ni aloi inayoyeyuka kati ya nyuzijoto 70 na 88 hivi. Paka mafuta membamba sana, mimina, iache igande, ifungue kama skrubu, kisha pima baada ya saa moja tangu kumimina. Mwanzoni hunywea, baadaye hutanuka ikarudi kwenye kipimo cha tundu. Ukiharakisha, namba yako itakuwa ndogo kuliko ukweli.

Sasa kata skrubu ya majaribio kwa shaba, ambayo haitaumiza chuma cha zamani. Kwa Whitworth, kina cha uzi ni hatua mara 0.6403: robo inchi yenye nyuzi 20 hutoa kina cha milimita 0.81, na kipenyo cha bondeni 4.72. Lethi (mashine ya kuchongea chuma) yenye skrubu kuu ya milimita, ile inayosukuma kisu, itahitaji gia ya meno 127 ili ikate nyuzi za inchi sawasawa, kwa kuwa inchi 5 ni milimita 127 kamili. Ingiza kwa vidole tu. Ikicheza tangu mwanzo, kipenyo ni kidogo. Ikiingia vizuri mizunguko miwili mitatu kisha ikakaza, hatua si yenyewe. Simama hapo hapo, usitafute koleo.

Tahadhari na vipuri vya nakala za kisasa: nyingi za Italia zina nyuzi za milimita, hata tangazo likisema Enfield 1853. Uliza hatua kabla ya kulipa. Na chuchu ya fataki pamoja na kizibo cha nyuma ya mtutu hubeba mkandamizo wa baruti. Hivyo si vya kubahatisha hata kidogo; mpelekee fundi bunduki mwenye leseni.

Skrubu iliyoharibika isitupwe. Iwekwe kwenye mfuko mdogo pamoja na karatasi yenye hatua, kipenyo, pembe na tundu ilikotoka.