Carina inayogonga asubuhi na kunyamaza ikipata moto

Carina Ti yangu ni ya 1999, injini 5A-FE, cc 1500. Kwa gari la umri huo sina malalamiko makubwa. Spea zipo, halibagui mafuta, na kila fundi wa Morogoro analijua nje ndani, au anadhani analijua, maana hilo nalo lina gharama zake.

Kelele ilianza na baridi ya Juni. Ukiwasha asubuhi: ta-ta-ta-ta-ta, kavu, ya haraka, inatokea mbele upande wa rejeta. Ukipiga resi inazidi kasi na ukali, watoto wa jirani wanatoka kuangalia. Natoka nayo Kihonda, nikikaribia Msamvu inaanza kufifia, nikifika mjini gari limetulia, mngurumo likiwa limesimama safi kabisa. Mchana baada ya vipindi, gari likiwa limeshinda juani, linagonga kidogo tu halafu kimya.

Ubaya wa kelele ya namna hii ni kwamba ukifika gereji haipo. Fundi wa kwanza alisikia maelezo yangu tu, boneti halijafunguliwa, akasema konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti. Injini ishuke, au ninunue nyingine ya mtumba kutoka Dar, milioni na ushee pamoja na kufunga. Wa pili akasema tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu, hazina shida sana, niweke oili nzito ya 20W-50 "zikae". Hii tabia ya kumaliza kila kelele kwa oili nzito inanichosha. Injini hizi zilitengenezwa zitumie oili nyepesi. Asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kupanda juu kwenye kemshafti, shafti inayosukuma tapeti, kwa hiyo kama kweli tapeti ndizo zinazolia, unazinyima oili saa ile ile zinapoihitaji.

Mimi nafundisha fizikia, injini ya gari sikuwahi kuifungua. Ila swali lilinikaa kichwani: kwa nini joto linaiponya?

Beringi ya konrodi iliyolika hufanya kinyume chake. Injini ikiwa ya baridi, oili bado nzito, inajaza ule uwazi na kupunguza kishindo. Ikipata moto oili inalainika, chuma kinakutana na chuma, na ndipo inagonga kweli. Tena mlio wake ni mzito, unatoka chini, du-du-du. Yangu ilikuwa nyepesi na ya juu. Basi konrodi nikaiweka kando na milioni yake.

Zikabaki sababu tatu. Tapeti, ambazo kwenye 5A-FE hazijirekebishi zenyewe kwa oili. Zina visahani vya chuma vya unene tofauti, na uwazi ukizidi zinalia. Pistoni iliyolegea kwenye silinda, ambayo ikipata moto inatanuka na kutulia. Na ya tatu, ambayo hakuna fundi aliyeitaja: moshi kuvuja kwenye manifodi ya ekzosi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, kabla haujaingia kwenye bomba. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, kelele inakata.

Tapeti na uvujaji wa moshi vinachanganya watu kwa sababu vinapiga kwa mwendo mmoja. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 375, zaidi kidogo ya mara sita kwa sekunde. Kemshafti nayo inazunguka nusu ya kasi ya krenkshafti, hivyo tapeti moja inagonga mara 375 vilevile. Sikio peke yake halitenganishi hapo.

Fundi wa tatu ni kijana mwenye gereji ya mabati barabara ya kwenda Mazimbu. Nilimpenda kwa kauli moja: "Madam, lete jioni lilale hapa. Kesho usiniletee gari lenye moto, nitakudanganya."

Asubuhi nilimkuta anapiga mswaki. Akawasha, ta-ta-ta-ta, akacheka, akatema povu. "Haya, hii hapa."

Nikamwomba achomoe nyaya za plagi moja moja, injini ikiwa inaunguruma. Kwenye injini yenye distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kama hii ni rahisi, ila shika kwa plaizi yenye mpini wa mpira, ule umeme si wa kuchezea, na usiache waya nje kwa muda mrefu, petroli isiyoungua inakwenda kuharibu masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hoja yenyewe ni kwamba tapeti haina habari kama silinda imewaka au haikuwaka, kemshafti ikizunguka itagonga tu. Lakini uvujaji unategemea mlipuko, na pistoni nayo hubadilika ikikosa kusukumwa. Waya wa kwanza, injini ikatetema, kelele ikaendelea. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, injini ikatetema na kelele ikakatika. Akaurudisha: ta-ta-ta. Akautoa: kimya. Fundi akaniangalia, akaurudisha tena, nadhani kwa raha yake tu.

Tapeti zikatoka kwenye orodha. Kati ya pistoni na moshi tulitumia kipande cha mpira wa maji, urefu kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha karibu na manifodi bila kugusa feni wala mkanda. Kwenye bomba la kwanza la manifodi unasikia mngurumo wa kawaida. Ukifika kati ya la pili na la tatu, unapigwa pumzi sikioni, fu-fu-fu, mpaka unarudisha kichwa nyuma. Nilikuwa nimesimama naye pale pale na bila mpira nisingeweza kusema inatoka wapi.

Hapo nikaelewa na mambo mengine mawili niliyokuwa nimeyasingizia foleni. Petroli ilikuwa inakwisha haraka. Moshi ukitoka kwa mapigo, kati ya pigo na pigo ufa unavuta hewa ya nje, sensa ya oksijeni inaiona hewa ile na kuiambia kompyuta ya injini kwamba petroli ni kidogo, nayo inaongeza. Na ile harufu ya moshi ndani nikisimama kwenye mataa vioo vikiwa juu: hiyo ndiyo ilinitisha kuliko kelele. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Unachonusa ni wenzake iliosafiri nao.

Kufungua ndiko kulikotesa. Bati linalozuia joto lina bolti za namba 10, zote zimeota kutu. Tulizimwagia mafuta ya kulainisha kutu tukaziacha mpaka mchana, na bado moja ikakatika. Chini ya bati, pale kati ya bomba la pili na la tatu, kulikuwa na masizi meusi yaliyotawanyika kwa umbo la feni. Fundi akasugua kwa brashi ya waya. Ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole gumba. Akaugusa kwa ukucha, ukucha ukakwama.

Palikuwa na ubishi kidogo juu ya kuchomelea. Jirani yake, fundi wa mageti, alikuwa tayari ameshavuta waya. Nikakataa. Manifodi hii ni chuma cha kumimina kwenye kalibu. Ukiichomelea kwa fimbo za geti bila kuipasha moto yote kwanza, inapoa vibaya na kupasuka kando ya kiraka. Yupo anayeweza, mwenye fimbo za nikeli na subira, lakini si yule. Tukapiga simu Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea, manifodi ya mtumba shilingi elfu themanini, ikaja kwa basi hadi stendi ya Msamvu, imefungwa kwenye gunia.

Kabla ya kulipa niliigonga kwa spana. Nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa mlio uliokufa. Kisha tukaweka rula ya chuma kwenye uso wake na kuangalia mwanga chini yake; mwisho mmoja ulikuwa umepinda kidogo, ikapelekwa kuparazwa. Gasketi nilinunua mpya. Fundi alitaka kurudisha ya zamani na gundi nyekundu juu, tukaelewana kwa ukimya.

Stadi moja, yaani bolti isiyo na kichwa inayoshika manifodi, ilibaki ndani ya silinda hedi, imekatika usawa wa uso. Hapo fundi wa mageti akapata kazi yake: alichomelea nati juu ya kisiki, akaiacha ipoe, akazungusha taratibu ikatoka. Nilimpa hela yake na shukrani za dhati. Nati za manifodi zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, si kumaliza moja ndipo uende nyingine.

Asubuhi iliyofuata gari liliwaka kimya. Si kimya kabisa, ukiinamisha sikio unasikia injekta zinavyodonoa, nazo ni kawaida yao. Fundi wa tapeti nilikutana naye Sabasaba sokoni, akasema bado zipimwe. Zilipimwa, zimo ndani ya kipimo. Oili yangu ni ile nyepesi, 10W-30.

Baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, nilirudi zikakazwe tena nati, kwa sababu gasketi mpya hukaa. Mbili za pembeni zilikubali karibu robo mzunguko, nyingine hazikusogea.